Diski ya Zamani, Kompyuta Mpya: Historia Fupi ya "Draiva Haipo"

Kama umewahi kukaa kwenye stuli kwa fundi wa kompyuta ukisubiri "akupigie Windows", huenda ujumbe huu umeuona. Unatokea katikati ya kazi, kwenye kisanduku kidogo chenye maneno makavu: draiva inayohitajika haipo, kama unayo kwenye flopi, sidii au flashi tafadhali iweke sasa. Fundi anakuna kichwa. Anachomoa flashi, anaichomeka tena. Anazima, anawasha. Mwisho anakugeukia: "Kaka, hii mashine yako ina matatizo."

Mara nyingi mashine haina tatizo lolote.

Mimi kazi yangu ni kuandika habari, sitengenezi kompyuta. Lakini ujumbe huu umewala watu wengi ninaowafahamu, na umewala pesa hasa, kwa hiyo nikaamua kuufuatilia ulikotoka. Kumbe una historia ya zaidi ya miaka thelathini, na karibu kila safari kisa ni kile kile: diski ya kupigia Windows ni kitu kilichoganda. Siku kiwanda kilipoifunga ndiyo siku iliyoacha kujifunza. Kifaa chochote kilichobuniwa baada ya siku hiyo, yenyewe haikijui. Basi kabla ya kuuliza kipi kimeharibika, uliza kipi kilizaliwa kwanza, diski au kompyuta.

Tuwekane sawa kwenye neno lenyewe. Draiva ni programu ndogo inayojua lugha ya kifaa kimoja: printa fulani, kadi fulani ya sauti, tundu fulani la USB. Mfumo endeshi wenyewe haujui lugha hizo zote, unategemea wakalimani. (Kuna wanaosema "kiendeshi" na ni neno zuri tu, ila sijawahi kumsikia muuzaji wa Kariakoo akilitamka. Nabaki na draiva.)

Zamani za DOS mambo yalikuwa ya kila mtu na lwake. Programu ya kuandikia kama WordPerfect ilikuja na rundo la draiva zake za printa. Ukinunua programu nyingine, nayo inakuja na rundo lake. Moja ya faida kubwa za Windows ilikuwa kwamba mwenye printa aandike draiva moja tu na programu zote ziitumie. Hapo watu wakapumua.

Halafu ikaja sidii, na ndipo utamu ulipoanza. Visomeo vingi vya sidii vya mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilichomekwa kwenye kadi ya sauti, na kila kampuni (Sony, Mitsumi, Panasonic) ilikuwa na namna yake ya kuunganisha na draiva yake. Sasa fikiria: Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995, iliuzwa kwenye sidii. Ili uisome sidii unahitaji draiva ya kisomeo. Wenye kuchoka walinunua toleo la flopi. Flopi 13! Unaingiza moja, unasubiri, unatoa, unaingiza ya pili, na ukifika ya kumi na moja ukakuta imeoza, unaanza kutafuta wa kumlaumu. Walionunua sidii ilibidi kwanza wawashe kompyuta kwa flopi yenye draiva, waandike mistari miwili mitatu kwenye faili za CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, ndipo sidii ionekane. Kuku na yai. Kisa hiki kishike, maana kitarudi.

Windows 95 ilileta pia ahadi kwamba ukichomeka kifaa kinajitambulisha chenyewe. Watu wakaitania kwamba ukishachomeka, omba Mungu. Na utani haukuwa wa bure. Tarehe 20 Aprili 1998, kwenye maonyesho ya Comdex mjini Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani na msaidizi wake Chris Capossela wakiitangaza Windows 98. Capossela akachomeka skana kwa USB ili watu waone ilivyo rahisi. Skrini ikageuka bluu, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Gates akajibu kwa mzaha kwamba bila shaka ndiyo sababu bado hawajaanza kuiuza.

Lakini hayo yote cha mtoto. Kizazi kilichoteseka kweli ni cha Windows XP.

XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001. Mwanzoni mwa 2003 zikaanza kuja diski za aina mpya ya kuunganisha, SATA, zenye waya mwembamba badala ya ule utepe mpana. Mwaka 2004 ukatoka utaratibu wa AHCI, ambao ndio unazifanya diski hizo zifanye kazi kwa ufanisi wake wote. Angalia tarehe. Sidii ya XP iliganda 2001, haikuwa na habari na AHCI. Ukiweka sidii hiyo kwenye laptopu ya 2007, ama unaambiwa kompyuta yako haina diski hata moja, ama unapigwa skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B. Diski imo, inazunguka, unaisikia kwa masikio yako!

Microsoft walikuwa wameacha mlango mmoja. Mwanzoni kabisa mwa kupiga XP, chini ya skrini, kwa sekunde chache tu, yalitokea maandishi yanayokuomba ubonyeze F6 kama una draiva ya ziada ya diski. Ukichelewa, imepita. Ukiwahi, unaambiwa uingize draiva, na hapa ndipo ninapowavulia kofia waliobuni mateso: iliikubali kwenye flopi tu. Haikutaka flashi, haikutaka sidii. Na laptopu za miaka ile zilikuwa zinaacha kuwekewa flopi. Apple walikuwa wameiondoa kwenye iMac tangu 1998, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Kwa hiyo ulitakiwa kuleta kitu ambacho kompyuta yenyewe haikuwa na pa kukiingizia.

Mafundi wa Afrika Mashariki walijifunza njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuingia kwenye BIOS na kubadili diski kutoka AHCI kwenda IDE, yaani kuiambia kompyuta ijifanye ya kizamani ili XP iitambue. Rahisi, dakika moja. Ya pili ilikuwa kuichoma upya sidii ya XP ikiwa na draiva ndani yake, kwa programu ya bure iliyoitwa nLite. Hiyo ilihitaji kwanza uipate draiva. Kumbuka kwamba nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika kwetu mwaka 2009. Kabla ya hapo wengi tulitegemea setilaiti, na faili ya megabaiti chache lilikuwa jambo la kukaa kafe ukiangalia saa na pesa mfukoni. Hivyo fundi aliyekuwa na sidii ya draiva alikuwa na mtaji, na wengi hawakuiazimisha.

Vista, iliyofika madukani Januari 2007, ililimaliza lile la flopi: ilikubali draiva kutoka kwenye flashi au sidii, na AHCI iliijua. Watu hawakuisifia kwa hilo, kwa sababu ilikuja na mabadiliko makubwa ya draiva za picha na kampuni hazikuwa tayari. Barua pepe za Microsoft zilizoanikwa mahakamani Marekani mwaka 2008 zilionyesha kwamba karibu asilimia 29 ya visa vya Vista kuanguka vilivyorekodiwa mwaka 2007 vilitokana na draiva za Nvidia. Lawama akabeba Vista. Nadhani alionewa kidogo.

Sasa tunafika kwenye ujumbe wenyewe niliouanza nao, ambao ni wa Windows 7. Huu nauchukia kuliko yote kwa sababu haukwambii ukweli.

Windows 7 ilitoka tarehe 22 Oktoba 2009. USB 3.0 ilikuwa imeshatangazwa Novemba 2008, lakini draiva yake haikuwekwa ndani. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyegundua, kwa sababu kompyuta zilikuwa na matundu ya aina zote mbili. Kisha Agosti 2015 Intel wakatoa prosesa za kizazi cha 6, na kwenye chipu zilizoandamana nazo wakaondoa ile sehemu ya zamani iliyohudumia USB 2. Matundu yote yakawa chini ya kidhibiti kipya. Unachomeka flashi yako ya Windows 7, inawaka vizuri, nembo inatokea, halafu ghafla: draiva ya sidii haipo.

Sidii gani? Laptopu haina hata kisomeo cha sidii!

Kilichotokea ni hiki. Mwanzoni BIOS ndiyo inayoisoma flashi, na BIOS inaijua USB yake. Inapakia kipande cha kwanza cha Windows kwenye kumbukumbu, inakabidhi kazi na kuondoka. Windows inageuka kutafuta faili zake zilizobaki, na flashi iliyotoka nayo haiioni tena. Kwa kuwa waandishi wa ujumbe ule walizoea kwamba Windows inatoka kwenye sidii, inakuomba draiva ya sidii. Mara nyingine kipanya na kibodi navyo vinakufa hapo hapo, kwa sababu hiyo hiyo, hata huwezi kubonyeza kufunga kisanduku. Nawajua watu waliokwenda kununua kisomeo cha sidii cha nje kwa sababu ujumbe umesema sidii. Kikachomekwa kwenye USB ile ile. Matokeo unayajua.

Dawa ilikuwa kuingiza draiva za USB 3.0 ndani ya faili za Windows 7 zenyewe kabla ya kuanza, na Intel walitoa programu ya bure ya kufanya hivyo. Kwa kompyuta yenye tundu la USB 2 la kweli, kuhamisha flashi tu kulitosha. Na kwa haki ya ujumbe ule niseme pia kwamba wakati mwingine ulitokea kwa sababu DVD ilichomwa vibaya au faili lilipakuliwa nusu. Ndiyo maana fundi mwenye akili alijaribu kwanza diski hiyo hiyo kwenye kompyuta nyingine.

Unaweza kusema hayo ya kale. Windows 7 yenyewe ilizikwa rasmi Januari 2020. Sawa. Mwishoni mwa mwaka huo huo zikatoka laptopu zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11, zikiwa na kitu kinaitwa VMD, kidhibiti kinachosimama mbele ya diski za kisasa za NVMe. Unapiga Windows 10 au 11, unafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski: tupu. Hakuna diski hata moja. Miaka kumi na tatu baada ya ile laptopu ya 2007, ujumbe ni ule ule.

Kijana mmoja wa chuo, mtoto wa jirani yetu, aliambiwa dukani kwamba diski ya laptopu yake imekufa na anunue nyingine. Akaja kwangu kukopa. Tulipakua draiva ya Intel inayoitwa Rapid Storage, tukaifungua kwenye flashi, kwenye ukurasa ule mtupu tukabonyeza "Load driver" na kuielekeza hapo. Diski ikatokea na gigabaiti zake zote. "Kaka, kwa hiyo ile laki ningeitupa?" akaniuliza. Angeitupa, na ya pili isingeonekana vile vile.

Baadhi ya mafundi huzima VMD kwenye BIOS. Inafanya kazi kama unafuta kila kitu na kuanza upya. Lakini kama kuna Windows ndani yenye faili zako, ukiizima Windows hiyo inaweza kugoma kuwaka, na kosa litakaloandikwa ni lile lile la 0x7B la enzi za XP. Irudishe ilivyokuwa kabla hujaanza kulia. Na ukikwama mbele zaidi, pale Windows 11 inapodai intaneti wakati draiva ya waifai haipo, chomeka simu yako ya Android kwa waya na uwashe kugawa intaneti kwa USB. Draiva ya hiyo kwa kawaida imo ndani.

Kuna upande mwingine wa historia hii unaohusu nani anaimiliki hiyo lugha ya kifaa. Karibu mwaka 1980, kwenye maabara ya MIT, Richard Stallman alitaka kurekebisha programu ya printa ya Xerox ili iwajulishe watu karatasi zinapokwama, kama alivyofanya kwa printa ya zamani. Safari hii hakupewa msimbo. Alimwendea mtu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao, akakataliwa kwa sababu alikuwa ameahidi kwa mkataba kutoutoa. Stallman mwenyewe amesimulia jinsi kukataliwa huko kulivyomchoma, na mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU. Yaani sehemu ya chimbuko la programu huria ni draiva iliyofichwa.

Waliorithi msimamo huo wakaja kukutana na jirani yake draiva. Sidii za Ubuntu zilikuwa zikitumwa bure kwa posta dunia nzima hadi 2011, unaipiga vizuri kabisa, kisha waifai ya Broadcom inagoma hadi upakue kipande chake kutoka kwenye intaneti ambayo huna. Kuku na yai, tena. Debian walishikilia kwa miaka mingi kwamba vipande hivyo vilivyofungwa visikae kwenye diski yao rasmi, na mwenye shida atafute flashi ya pili. Mwaka 2022 wakapiga kura na msimamo ukalegezwa. Debian 12 ilipotoka tarehe 10 Juni 2023, vipande hivyo vilikuwa ndani ya diski rasmi, na laptopu nyingi zenye kadi za waifai za Intel zikaanza kushika mtandao humo humo wakati wa kupiga.