Bolti ya chini ya shokapu imegoma? Usikimbilie nyundo

Wasikilizaji wetu wengi wa Genkuru na vijiji vya jirani, upande wa Tarime na upande wa Serengeti, wanaishi kwa pikipiki. Ndiyo inayopeleka mgonjwa zahanati, gunia la mahindi mnadani na mwalimu shuleni. Kwenye njia zetu za mawe na makorongo, shokapu za mbele ndizo zinazopigwa kuliko kitu kingine. Sili zikichoka, mafuta yanaanza kuvuja.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo waendesha bodaboda hutuuliza mara kwa mara. Fundi ameanza kufungua shokapu abadilishe sili, na bolti ya chini imegoma. Ama inazunguka bila kutoka, ama kichwa chake kimelika na spana haishiki tena. Kazi ya nusu siku inageuka ya siku tatu, pikipiki imelala, na tajiri anasubiri hesabu yake. Mguu wa shokapu ukipasuliwa kwa nyundo, utanunua mguu mzima kwa sababu ya sili moja.

Mara nyingi bolti hii haitaki nguvu nyingi. Inataka kazi ifuate mpangilio.

Bolti yenyewe ni ipi

Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda, kama Boxer na TVS, kila shokapu ya mbele ina mabomba mawili: la juu linalong'aa, na mguu wa chini wa aluminiamu unaoshika ekseli ya gurudumu. Ndani ya bomba la juu kuna springi, na chini yake kuna mrija mwembamba wenye matundu. Mafuta yakipita kwenye matundu hayo, mdundo unapungua.

Ukichungulia chini kabisa ya mguu utaona tundu. Ndani yake kuna bolti yenye shimo la pembe sita, inayofunguliwa kwa alenki, ile spana ya umbo la L. Bolti hiyo inapita kwenye mguu na kuushika ule mrija wa ndani. Usipoitoa, mabomba mawili hayaachani.

Inagoma kwa sababu tatu. Tundu linaangalia barabara, kwa hiyo matope na maji hukaa humo na kuleta kutu. Wengine huikaza kupita kiasi, na kiwandani hupakwa gundi ya bolti. Tatu, mrija wa ndani haukufungwa popote pengine. Unabanwa na springi tu. Springi ikishatolewa, bolti na mrija huzunguka pamoja.

Ilegeze kabla ya kufungua juu

Kosa kubwa ni kuanza na kifuniko cha juu na kutoa springi. Ukifanya hivyo umemfukuza msaidizi wako.

Anza na bolti ya chini wakati shokapu bado iko kwenye pikipiki na kifuniko kimefungwa. Mwenzako ashike breki ya mbele na kulalia usukani ili shokapu ibonyee. Springi itaubana mrija wa ndani, nawe uilegeze bolti kidogo, si zaidi ya nusu mzunguko. Weka chombo chini, mafuta yanaweza kuanza kutoka. Ikishalegea, endelea na kutoa gurudumu na shokapu.

Hakikisha pia upande unaozungusha. Bolti inatazama chini, nawe uko juu umeinama, kwa hiyo ni rahisi kuchanganya. Jiweke kama unayekitazama kichwa cha bolti uso kwa uso, kisha zungusha kinyume cha mwendo wa saa. Bolti nyingine hazijagoma, zinakazwa bila mtu kujua.

Ikishikwa na kutu

Safisha tundu kabla ya kuingiza spana. Chokonoa matope kwa msumari mwembamba hadi shimo la pembe sita lionekane lote, kisha osha kwa dizeli na brashi. Alenki ikikalia udongo haitazama vizuri, na hapo ndipo kichwa kinapolika.

Tumia alenki ya saizi kamili, isiyolika ncha. Pikipiki nyingi ndogo hutumia ya milimita 6, lakini jaribu kwanza. Pulizia dawa ya kulegeza kutu, uache usiku kucha ukiweza. Asubuhi igonge alenki taratibu ikae hadi mwisho. Mgongo huo mdogo huivunja kutu. Kisha zungusha kwa mkupuo mmoja wa haraka.

Ikizunguka bila kutoka

Kama springi bado iko ndani, bonyeza tena shokapu kwa nguvu huku mwenzako akizungusha bolti. Fundi mwenye mashine ya kufungulia nati kwa mitikisiko anaweza kuimaliza kwa sekunde chache, kwa sababu mrija haupati nafasi ya kuifuata.

Kama springi imeshatoka, tafuta mpini wa fagio wa mti mgumu. Uchonge ncha iwe kama penseli, uingize kwa juu hadi ukutane na mdomo wa mrija, kisha ugonge ukwame humo. Mmoja ashike mpini usizunguke, mwingine afungue bolti.

Kichwa kikilika

Acha kuzungusha. Hatua ya mwisho ni drili, na tunashauri ifanywe na fundi mwenye mkono uliotulia. Anatoboa katikati ya kichwa kwa ncha ndogo, kisha anapanua hadi kufikia unene wa mwili wa bolti. Kichwa kinakatika, mguu unaachia, na kipande kilichobaki kwenye mrija kinatolewa kwa koleo. Baadaye osha kila kitu. Chembe moja ya chuma ikibaki ndani, itakula sili mpya.

Mambo ya kuepuka

Usipashe moto wa gesi shokapu ambayo bado ina mafuta. Inaweza kuwaka, na sili zitaungua.

Usipige mguu wa aluminiamu kwa nyundo ya chuma, wala usibane bomba linalong'aa kwa spana ya mabomba. Mkwaruzo mmoja pale sili inapopita, na itavuja tena hata ukibadilisha sili kila wiki. Ukitumia jiliwa, viringishia mpira wa tairi la ndani kwanza.

Unapofungua kifuniko cha juu, usiweke uso juu yake. Springi iliyobanwa huruka.

Wakati wa kurudisha

Weka bolti mpya kama ya zamani imelika, na washa mpya ya shaba chini ya kichwa chake. Washa ile ndiyo inayozuia mafuta kutokea chini. Safisha meno, paka gundi ya bolti kidogo, rudisha springi na kifuniko, ndipo umalizie kuikaza. Mpangilio ni uleule: springi ikibana, mrija hauzunguki. Alenki ya kawaida inatosha, usiongeze bomba la kurefusha mkono.

Tia mafuta ya shokapu kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, sawa kwa miguu yote miwili. Usipime kwa mafuta yaliyotoka, kwani mengine yalishavuja. Mafuta machafu yatie kwenye dumu, usiyamwage kwenye kijito kinachoelekea Mto Mara. Watu na ng'ombe wanakunywa huko.

Mwisho, bonyeza usukani mara kumi na uangalie kama kuna unyevu juu kwenye sili au chini kwenye bolti. Kisha endesha peke yako taratibu na ujaribu breki. Mafuta yaliyovuja kwenye disiki au pedi huifanya breki ya mbele isishike, na mteremko wa kwenda mtoni si mahali pa kuligundua hilo ukiwa na mama na mtoto nyuma yako.