Shilingi Yetu na Miaka ya Kufunga Mikanda

Kila Desemba 9 tunapokutana hapa Oxon Hill, wazee hukumbushana foleni za sukari na sabuni, na watoto wetu waliozaliwa huku hudhani ni hadithi tu. Ni historia yao pia.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Ikafuata vita ya kumng'oa Idi Amin, 1978 hadi 1979, na bei ya mafuta ikapanda duniani. Fedha za kigeni zikakauka. Tukaambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18, ikapita miaka.

Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilitaka thamani ya shilingi ishushwe. Mwalimu Nyerere alikataa, akiona wanyonge ndio watakaoumia. Waziri wake wa Fedha, Edwin Mtei, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu, hakukubaliana naye, akajiuzulu mwaka 1979. Dola ikawa na bei mbili: ya benki, na ya walanguzi iliyokuwa juu zaidi. Mwaka 1983 Sokoine aliwasaka walanguzi, lakini maduka yakabaki matupu.

Mwaka 1985 Mwalimu aling'atuka. Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, akakubaliana na IMF mwaka 1986. Mwaka huo dola ilitoka shilingi 17 ikafika 40 na zaidi. Kufikia 1995 ilizidi 500. Bidhaa zilirudi madukani, ila mshahara haukufika katikati ya mwezi. Watumishi wa serikali walifuga kuku na kukaanga maandazi ili watoto wasome.

Makao makuu ya IMF yako Washington, mwendo mfupi wa gari kutoka hapa. Wengi humsifu au humlaumu huyo jirani yetu. Sisi tunawakumbuka Mtei aliyeacha cheo, Mwalimu aliyempisha mwenzake, Mwinyi aliyebeba lawama, na akina mama waliolipa gharama yote hiyo jikoni.

Leo shilingi ikishuka, sisi tunaotuma dola hufurahi kwamba zimezaa. Kabla hatujafurahi, tumpigie simu shangazi tumuulize mchele na mafuta ya kupikia ni bei gani. Watoto wetu wasikie jibu lake.

Heri ya Siku ya Uhuru!