Gesi ya klima ya gari: kwa nini chupa ya bei ya chini inaweza kuua

Joto la Uvira na la Kalemie mnalijua. Madereva wenye magari yaliyokwisha kutumika Japani au Ulaya wanauliza: je, mtu anaweza kujaza gesi ya klima mwenyewe, uani kwake, kwa chupa aliyonunua sokoni? Kabla ya kujibu, tuangalie gesi hiyo ilitoka wapi, kwani jibu limo katika historia yake.

Miaka ya 1920, frigo za nyumbani kule Marekani zilitumia gesi zenye sumu, kama amonia na methili kloridi. Mrija ukivuja usiku, watu waliweza kufa usingizini. Kampuni ya General Motors ilimpa Thomas Midgley kazi ya kutafuta gesi isiyo na sumu na isiyowaka. Mwaka 1930 alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akavuta gesi mpya kwa pumzi, kisha akapuliza mshumaa nayo ukazimika. Gesi za aina hiyo ziliitwa Freon. Iliyokuja kutumiwa katika magari ni R-12.

Mwaka 1939, huko Chicago, kampuni ya Packard ilionyesha gari lenye klima. Mitambo yake ilijaza karibu nusu ya buti. Ili kuizima, dereva alisimama, akafungua kapo na kutoa mkanda wa kompresa.

Mwaka 1974, wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi hizo zinapanda juu na kula ozoni, tabaka linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1985 Waingereza walitangaza kwamba ozoni imepungua sana juu ya Antaktika. Miaka miwili baadaye, nchi zilikubaliana Montreal kuzipunguza gesi hizo. Katika miaka ya 1990 viwanda vya magari vikahamia R-134a.

Hiyo haili ozoni, lakini kilo moja yake inapasha dunia joto sawa na kilo 1,430 hivi za kaboni dioksidi. Ndiyo sababu Oktoba 2016 nchi 197 zilikutana hapa jirani, Kigali, zikakubaliana kuipunguza pamoja na nyingine za jamii yake. Magari mapya ya Ulaya sasa yanatumia zaidi R-1234yf, ambayo inaweza kushika moto.

Hapa ndipo hatari inaporudi. Kila gesi inapopunguzwa, bei yake hupanda na wadanganyifu huingia. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka na mafundi wakafa, Vietnam na Brazil. Ndani yake kulikuwa na gesi bandia iliyouzwa kama R-134a. Ilikuwa na methili kloridi, ile ile ya miaka ya 1920! Ikikutana na aluminiamu, inazaa kitu kinachowaka mara tu kinapoguswa na hewa. Na klima ya gari imejaa aluminiamu.

Sasa jibu letu. Fungua kapo, usome karatasi iliyobandikwa: inataja aina ya gesi na gramu zake. Usichanganye aina mbili. Usikubali gesi ya kupikia, maana ikivuja inaingia pale walipokaa watoto wako. Chupa isiyo na jina la kiwanda, au yenye bei ya kushangaza, iache.

Jua pia kwamba klima nzima haimalizi gesi haraka. Ikiisha baada ya wiki chache, kuna tundu, na kuongeza nyingine ni kujaza maji katika bidoni iliyotoboka. Fundi mwenye pampu na mita atafute tundu kwanza, aondoe hewa na unyevu, halafu apime gesi. Chupa ikifungwa upande wa presha kubwa inaweza kupasuka. Gesi ikitoka ikiwa maji, inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na inaweza kuunguza jicho.

Kwa familia iliyokimbia vita, gari huenda ndiyo mali pekee iliyobaki, na ndiyo inayoleta chakula. Kama pesa za fundi hazijapatikana, fungua madirisha uendelee na kazi. Joto linavumilika, jicho lililoungua halirudi.