Mstari wa Mkono Juu ya Picha: Kutoka Mapatano ya 1890 Hadi Kioo cha Kompyuta

Tarehe 1 Julai 1890, wajumbe wa Uingereza na wa Ujerumani walitia sahihi mjini Berlin mapatano ambayo, licha ya kuamua mambo ya Unguja na ya kisiwa cha Heligoland, yalieleza kwa maneno machache mpaka utakaofuata Mto Ruvuma, ukakata kuelekea magharibi hadi Ziwa Nyasa, kisha ukaambaa na ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa hilo hata kufika mlango wa Mto Songwe. Wenyeji wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, ambao maji hayo ndiyo riziki yao ya usipa na mbasa na ndiyo njia yao ya kwendea kwa jamaa zao, hawakushauriwa. Na kwa mujibu wa mapatano yale, mvuvi aliyesukuma mtumbwi wake kutoka mchangani alikuwa ametoka dola moja na kuingia nyingine kabla kafi lake halijalowa. Mahali ambapo mstari mmoja uliweza kuwatenga watu na riziki yao, kuchora si jambo dogo. Ndiyo sababu historia ya kuchora kwa mkono juu ya picha, ambayo kwingine yaweza kudhaniwa kuwa ni habari ya mchezo wa watoto, katika wilaya zetu za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, yastahili kuangaliwa kwa makini.

Katika zama za karatasi, kazi hiyo ilikuwa na adabu zake. Baada ya Idara ya Upimaji ya Makoloni kuanzishwa huko Uingereza mwaka 1946, nchi ya Tanganyika ilipigwa picha kutoka angani ili zitolewe ramani. Na mchoraji aliyetaka kuonyesha mto, njia au mpaka, aghalabu alitandaza karatasi angavu juu ya picha, akachora juu ya karatasi hiyo, na picha yenyewe ikabaki salama, ili ajaye baada yake apate kulinganisha mchoro na asili yake.

Huko Marekani, wataalamu walikuwa wakitafuta namna ya kuchora juu ya kioo chenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanafizikia Leonard Reiffel alibuni chombo cha kuchora kwa mkono juu ya picha ya televisheni. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika chuo cha MIT, alidhihirisha kwa programu yake ya Sketchpad kwamba kompyuta yaweza kuchorewa kwa kalamu ya nuru. Na tarehe 9 Desemba 1968, siku Tanganyika ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, Douglas Engelbart alionyesha hadharani mjini San Francisco kile kipanya ambacho leo kimejaa katika kila ofisi. Mwaka 1973 Richard Shoup, katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, aliunda SuperPaint, iliyoweza kupokea picha ya video, kuihifadhi, na kumruhusu mtu kupaka rangi juu yake.

Watu wa kawaida walifikiwa na amali hiyo mwaka 1984, Bill Atkinson alipoitoa MacPaint, na mwaka uliofuata, Windows ya kwanza ilipokuja na Paint yake ya rangi nyeusi na nyeupe. Tangu hapo, kwa kuwa programu hiyo ndogo ilikuja ndani ya mashine bila bei ya ziada, imekuwa kalamu ya kwanza ya mamilioni ya watu. Hata Julai 2017 kampuni ya Microsoft ilipoitaja miongoni mwa vitu isivyoviendeleza tena, watumiaji walilalamika kwa wingi, nayo ikabakizwa.

Kwetu mambo yalichelewa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, zuio lililokuja kulegezwa baadaye. Na umeme wa gridi ya Taifa, kwa njia ya Makambako hadi Songea, ulifika mkoani Ruvuma mwaka 2018. Leo mwenye simu au kompyuta huweza kufungua picha ya satelaiti, akaona mashamba ya ngoro ya Wamatengo yalivyopanga vishimo vyake mteremkoni, akachora kwa kidole au kwa kipanya mstari mwekundu, na kusema: hapa ndipo pangu.

Hapo ndipo penye hadhari. Mstari wa Paint haulali juu ya picha kama karatasi angavu ilivyolala. Hufuta nukta za rangi zilizokuwa chini yake na kukaa mahali pao, na picha ikishahifadhiwa na kufungwa, kilichofunikwa hakirudi. Programu hiyo haikupewa matabaka, yatengayo mchoro na picha, hadi mwaka 2023. Fauka ya hayo, picha ikihifadhiwa kwa mtindo wa JPEG, kingo za mstari huingia ukungu. Na unene wa mstari wenyewe, ambao juu ya kioo ni mdogo kama ukucha, juu ya ardhi waweza kumeza shamba zima la kahawa.

Wala si mashamba tu. Mwaka 1967 Tanzania iliieleza Malawi kwamba mpaka wapita katikati ya Ziwa Nyasa, ilhali Malawi ilishikilia maneno ya 1890; na mwaka 2012 hitilafu hiyo ilipozuka upya kwa ajili ya utafutaji wa mafuta, ilipelekwa mbele ya wasuluhishi wakiongozwa na Joaquim Chissano, Rais mstaafu wa Msumbiji. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, vijiji navyo huhitaji mipaka inayokubaliwa na majirani, na ukubali huo haupatikani kwa rangi iliyopakwa na mtu mmoja akiwa peke yake.

Kwa hiyo nawasihi watumishi wa vijiji, walimu na vijana wa steshenari: hifadhini kwanza nakala ya picha isiyoguswa, chorani juu ya nakala nyingine, andikeni jina la mchoraji, tarehe, na kwamba huo ni mchoro wala si kipimo, kisha upelekeni kwa majirani wa pande zote kabla haujaitwa mpaka. Kuchora ni haki ya kila mtu, lakini mpaka ni haki ya wote wanaokaa pande zake.