Jina la Mchezaji na Kumbukumbu ya Shabiki: Englebert, Mazembe na Miji ya Kiswahili ya Kongo

Mwaka 1966 serikali ya Kongo ilifuta majina ya kikoloni ya miji mikubwa ya nchi. Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, na Elisabethville ikawa Lubumbashi. Kwa wakazi wa Kisangani badiliko hilo lilikuwa la ofisini kuliko la vinywani, kwani wenyeji walikuwa wakiuita mji wao Kisangani tangu zamani. Stanleyville lilikuwa jina la ramani na la barua za serikali. Mpira wa miguu katika mji huo nao umeshikamana na majina ya namna hiyo. Klabu ya Makiso imechukua jina la komini ya katikati ya mji, yaani mtaa mkuu wa kiutawala. Klabu ya Malekesa imetanguliza maneno ya Kifaransa Tout Solide, kwa maana ya iliyo imara kabisa. Na uwanja wa mji unaitwa kwa jina la Patrice Lumumba, ambaye alikuwa karani wa posta mjini humo katika miaka ya 1940 na 1950, kabla ya kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo mwaka 1960. Shabiki wa Kisangani anapoitaja timu yake na mahali inapochezea, huwa ametaja pia sehemu ya historia ya mji, akusudie asikusudie.

Jambo hilo si dogo kwa mtafiti. Historia ya klabu za Kongo imehifadhiwa katika madaftari mawili. Lipo daftari la karatasi, ambalo lina matokeo ya michezo, orodha za vikosi na tarehe. Na lipo daftari la vinywa, ambalo lina lakabu, mabishano na ukoo wa wachezaji. Kwa kawaida daftari la kwanza huaminiwa na la pili huhesabiwa kuwa porojo za barazani. Lakini katika nchi ambayo miji, klabu na hata watu binafsi walibadilishwa majina kwa amri, daftari la vinywa ndilo linalojua kwamba jina la kale na jina jipya ni la mtu mmoja. Kisa kinachoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi kimo katika mji mwingine wa Kiswahili, kusini ya mbali na Kisangani: ni kisa cha klabu ya Lubumbashi inayojulikana leo kwa jina la Tout Puissant Mazembe.

Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenedikto walioendesha shule ya Mtakatifu Bonifasi. Waliwaundia wanafunzi kundi la maskauti na timu ya mpira, na timu ikaitwa Saint Georges, kwa kuwa Mtakatifu Georgi ndiye msimamizi wa maskauti. Mwaka 1944 ikawa Saint Paul. Baadaye wamisionari waliacha uongozi wake, na timu ikachukua jina la mfadhili, kampuni ya Ubelgiji iliyotengeneza matairi ya Englebert. Kwa hiyo kabla ya uhuru timu ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa watakatifu wawili na mfanyabiashara mmoja. Mpito huo ni muhtasari mzuri wa ukoloni wa Kibelgiji katika Katanga, ambako kanisa, dola na kampuni vilitembea pamoja, na kila kimoja kilikuwa na la kusema kuhusu saa za mapumziko za Mwafrika.

Mwaka huohuo wa 1939 ilianzishwa pia Saint Éloi Lupopo, timu iliyohusishwa na wafanyakazi wa reli. Hadi leo mashabiki wake huitwa kwa Kifaransa Cheminots, yaani watu wa reli. Mtakatifu Eligi, ambaye Wafaransa humwita Éloi, ni msimamizi wa wafua vyuma. Lubumbashi ulikuwa mji wa shaba, wa kambi za wafanyakazi za Union Minière, na wa mitaa ya Waafrika iliyotengwa na makazi ya Wazungu. Mtaa wa kale zaidi kati ya hiyo ni Kamalondo, na huko ndiko makao ya Mazembe. Watu walifika mjini humo kutoka Kasai, kutoka kaskazini ya Katanga, kutoka Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazini na ya nyumbani. Mupira, kama wasemavyo wenyewe, ulichezwa na kujadiliwa katika Kiswahili hicho. Upinzani wa Mazembe na Lupopo ulimpa mgeni njia ya haraka ya kuwa mtu wa mji: hakuulizwa kijiji chake kabla ya kuulizwa timu yake.

Wasomi wa Kiswahili wana sababu maalumu ya kuuzingatia mji huu. Mwaka 1965 uliandikwa hapo, katika Kiswahili cha wenyeji, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, historia ya mji iliyokusanywa na André Yav kwa niaba ya watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Maandishi hayo yalichapishwa pamoja na ufafanuzi na Johannes Fabian mwaka 1990. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu naye aliisimulia historia ya nchi nzima kwa picha na kwa Kiswahili katika miaka ya 1970. Aidha, kuanzia mwaka 2000, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimekuwa na mradi wa kukusanya kumbukumbu za wakazi. Inasikitisha kwamba mpira, ambao huwatoa watu majumbani kila wiki, haujapewa katika juhudi za namna hiyo nafasi inayolingana na uzito wake mitaani.

Mwaka 1966 Englebert ilitwaa ubingwa wa taifa, Kombe la Kongo na Kombe la Katanga, na sifa ya Tout Puissant ikaganda. Mwaka uliofuata ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Mchezo wa kwanza, uliochezwa Kumasi mwezi Novemba 1967, uliisha 1–1. Wa pili ulichezwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Lubumbashi, nao ukaisha 2–2 hata baada ya muda wa nyongeza. Mwamuzi alitaka kura ipigwe ili apatikane mshindi, Kotoko walikataa. Shirikisho la Afrika likaamuru mchezo wa tatu uchezwe Yaoundé tarehe 27 Desemba. Englebert walifika. Kotoko hawakufika, kwa sababu chama cha mpira cha nchi yao hakikuwapa habari. Kombe likapewa Englebert.

Hapa daftari la karatasi na daftari la vinywa huachana. Kwenye orodha za mabingwa, mwaka 1967 ni mstari mmoja tu. Kwa mashabiki wa pande zote mbili ni mjadala: je, kombe lililopatikana bila mpira kupigwa lina utamu gani? Jibu la Lubumbashi lilitolewa uwanjani. Mwaka uliofuata Englebert ilifika fainali tena na kuifunga Étoile Filante ya Lomé 5–0 katika mchezo wa kwanza. Kupoteza 4–1 ugenini hakukuondoa kombe. Ilikuwa klabu ya kwanza kulitetea taji hilo kwa mafanikio, na ilipita miaka zaidi ya thelathini kabla ya nyingine kufanya hivyo, nayo ilikuwa Enyimba ya Nigeria mwaka 2004. Englebert ilicheza pia fainali za mashindano ya 1969 na 1970, ikashindwa kwanza na Ismaily ya Misri, kisha na Kotoko haohao, walioshinda 2–1 mjini Kinshasa. Fainali nne mfululizo si jambo la bahati ya kura.

Ni vyema kukumbuka kwamba shabiki wa Kamalondo asiyeweza kusafiri aliipokea michezo ya mbali kwa sikio, kupitia redio. Sikio huhifadhi majina kuliko sura. Robert Kazadi langoni, Pierre Kalala mbele: haya yalikuwa majina kabla ya kuwa nyuso. Kalala ndiye aliyefunga bao pekee la fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1968 mjini Addis Ababa, Kongo ilipoishinda Ghana 1–0. Kwa hiyo katika miezi michache Waghana walikuwa wameacha vikombe viwili mikononi mwa Wakongo, na mji wa Lubumbashi ulikuwa na sehemu yake katika vyote viwili.

Kisha yakaja mageuzi ya majina. Oktoba 1971 nchi iliitwa Zaire, na mwanzoni mwa mwaka 1972 siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu ikawataka raia waache majina ya Kikristo. Robert Kazadi akawa Kazadi Mwamba. Pierre Kalala akawa Kalala Mukendi. Englebert ikawa Mazembe. Maneno Tout Puissant yalibaki. Ni ajabu ndogo ya siasa hiyo kwamba iliondoa alama ya matairi lakini ikaacha sifa ya Kifaransa ambayo Mkristo huitumia kwa Mungu, na ambayo Mswahili angeitafsiri kwa neno Mwenyezi. Mtafiti anayesoma vikosi vya 1968 na vya 1974 bila msaada wa mtu wa Lubumbashi anaweza kuwahesabu watu wawili mahali ambapo yupo mmoja.

Mwaka 1974 ulikuza tatizo hilo mbele ya dunia. Zaire, bingwa wa Afrika mwaka huo, ilikwenda kwenye Kombe la Dunia nchini Ujerumani Magharibi. Mazembe iliwakilishwa kikosini na Kazadi, Mwepu Ilunga, Mwanza Mukombo na Bwanga Tshimen, mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973. Dhidi ya Yugoslavia, Kazadi alitolewa mapema mno huku timu ikiwa nyuma kwa mabao matatu. Mchezo uliisha 9–0. Katika mchezo huohuo mwamuzi alimfukuza uwanjani Ndaye Mulamba kwa kosa ambalo halikuwa lake bali la Mwepu. Hata daftari rasmi la mashindano, basi, liliandika adhabu ya mtu mmoja chini ya jina la mwingine. Siku nne baadaye, dhidi ya Brazili, Mwepu alichomoka kwenye ukuta wa mabeki na kuupiga mpira uliokuwa ukisubiri kupigwa na Wabrazili. Picha hiyo imeonyeshwa duniani kwa miaka mingi kama kichekesho cha Mwafrika asiyejua sheria. Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba alizijua sheria vizuri, na kwamba kitendo chake kilikuwa cha hasira dhidi ya waliowadhulumu wachezaji malipo yao. Lubumbashi haikuhitaji maelezo hayo. Ilikuwa imemwona beki huyo akicheza wiki baada ya wiki, na haikuwezekana kuishawishi kwamba hakuijua sheria ya mpira wa adhabu.

Mazembe ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1980 kwa kuishinda Africa Sports ya Abidjan, kisha polepole ikafifia pamoja na mji. Kampuni ya madini ilianguka. Mwaka 1991 miji ya nchi iliporwa. Na katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, hasa Likasi na Kolwezi. Familia zilizokuwa zimeishi huko kwa vizazi viwili au vitatu zililala kwenye stesheni za reli zikingoja treni. Ni katika hali hiyo ndipo uzito wa orodha ya zamani ya wachezaji unapoonekana. Kalala, Mukendi, Kazadi, Ilunga, Bwanga: ni majina ya Waluba, na mengine kati yake huitwa watu wa Kasai na watu wa Katanga vilevile. Siasa ya miaka hiyo ilidai kwamba mji unaweza kugawanywa baina ya wenyewe na wageni. Kikosi cha 1967 hakikugawanyika hivyo, na shabiki aliyekitaja kwa ukamilifu, kipa hadi mshambuliaji, alikuwa akitaja mji mwingine kuliko ule uliohubiriwa katika mikutano ya hadhara. Kumtaja mchezaji hakukumzuia mtu yeyote kufukuzwa. Majina hata hivyo hayakuondolewa kwenye orodha.

Taji la taifa lilirudi mwaka 2000, baada ya miaka 13. Kombe la Afrika lilirudi mwaka 2009, likatetewa mwaka 2010 kwa ushindi wa 5–0 dhidi ya Espérance ya Tunis katika mchezo wa kwanza wa fainali, matokeo yaleyale ya 1968 dhidi ya Watogo. Wazee hawakukosa kulitaja hilo. Desemba 2010 Mazembe iliifunga Internacional ya Brazili 2–0 mjini Abu Dhabi, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ambako ilishindwa 3–0 na Inter ya Milano. Kipa Kidiaba aliyeruka-ruka kwa makalio kushangilia mabao alipata umaarufu wa dunia nzima, nao, kama ule wa Mwepu, ulikuwa wa picha moja. Mwaka 2011 klabu ilifungua uwanja wake yenyewe huko Kamalondo.

Mwepu Ilunga alifariki Mei 2015. Taarifa nyingi za kifo chake katika magazeti ya nje zilianza na mpira ule wa Gelsenkirchen. Novemba mwaka huohuo Mazembe iliishinda USM Alger na kutwaa taji lake la tano la Afrika. Wazee wa Kamalondo waliolihesabu taji hilo walianza na Yaoundé, na timu iliyokwenda huko waliiita Englebert.