Usiku Polisi Walipovunja Mtambo wa Standard

Machi 2, 2026 ilitimia miaka 20 tangu polisi waliofunika nyuso walipovamia gazeti la Standard jijini Nairobi. Vijana wanaoanza kazi leo katika vyumba vya habari walikuwa watoto wadogo wakati huo. Lazima wasimuliwe.

Gazeti lenyewe ni kongwe. A. M. Jeevanjee alilianzisha Mombasa mwaka 1902, likahamia Nairobi 1910, likatumikia walowezi, likavuka hadi uhuru. Magazeti ya Waafrika hayakuachwa yazeeke hivyo: hali ya hatari ilipotangazwa 1952, yalifungwa kwa mkupuo. Enzi za Rais Moi, jarida la Beyond lilipigwa marufuku 1988, na mwaka 1993 polisi wakalemaza mitambo ya Fotoform, kampuni iliyochapa majarida ya wakosoaji. Ukimfunga mwandishi, mwenzake ataandika. Ukivunja mtambo, umewanyamazisha wote.

Rais Mwai Kibaki alipoingia madarakani Desemba 2002, waandishi wengi waliamini mambo hayo yamekwisha. Mwishoni mwa Februari 2006, Standard likaandika kuwa Rais amekutana kwa siri na Kalonzo Musyoka, wakati huo kigogo wa upinzani. Waandishi watatu wakakamatwa. Kisha ukaja usiku wa kuamkia Alhamisi, Machi 2.

Kundi moja la polisi wenye silaha lilikwenda Eneo la Viwanda, likalemaza mtambo na kutia moto maelfu ya nakala za gazeti la asubuhi hiyo. Jingine liliingia ofisi za katikati ya jiji, likabeba kompyuta. KTN, televisheni ya kampuni hiyohiyo, ikazimwa; waliowasha televisheni kupata habari za asubuhi hawakukuta kitu.

Watu walitarajia serikali ikane. Haikukana. John Michuki, Waziri wa Usalama wa Ndani, alisema ukimchokoza nyoka, uwe tayari kuumwa. Magazeti yaliyoungua yangeweza kuchapwa upya, lakini kauli ile ilimwambia kila mhariri kwamba waliokabidhiwa kumlinda ndio wa kuogopwa. Kisha likaja sakata la wanaume wawili wa Armenia, Artur Margaryan na mwenzake, waliohusishwa na uvamizi huo. Walifukuzwa nchini Juni mwaka uleule, baada ya vurumai katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na tume ya Kiruki ikaundwa kuchunguza mambo yao.

Katiba ya 2010, ibara ya 34, inalinda vyombo vya habari. Hata hivyo, Januari 2018 televisheni za Citizen, NTV na KTN zilizimwa kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, na Juni 25, 2025 matangazo yakakatwa tena wakati wa maandamano, hadi mahakama ilipoingilia. Tena siku hizi nyundo haihitajiki: serikali ikinyima chombo matangazo ya biashara, mishahara inachelewa na waandishi wanapunguzwa.

Michuki alifariki 2012, Kibaki 2022. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa uvamizi ule.