Waliokombolewa Wakawa Walimu: Vijiji vya Kikristo vya Pwani, 1844–1907

Kanisa la Afrika Mashariki lina deni kubwa kwa watu waliopokonywa kila walichokuwa nacho. Kuanzia miaka ya 1860 hadi mwisho wa karne ya 19, vijiji vya kwanza vya Kikristo vya pwani, yaani Rabai na Freretown karibu na Mombasa, Bagamoyo, na Mbweni kisiwani Unguja, vilikaliwa zaidi na wanaume, wanawake na watoto waliotekwa bara wakauzwa utumwani. Wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Baadhi walikombolewa baharini na manowari za Waingereza, wengine walinunuliwa sokoni na wamisionari, na wengine walitoroka kwa miguu yao wenyewe. Wengi wao hawakuwa na njia ya kurudi kwao, na waliotekwa wakiwa wadogo sana hawakukumbuka hata jina la kijiji walikozaliwa. Imani waliyoipokea katika hali hiyo iliwapa jamaa wapya na kazi ya kufanya, na wao ndio walioifikisha mbali kuliko wamisionari wenyewe.

Makaburi ya mwanzo

Msingi uliwekwa kwa msiba. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha Church Missionary Society (CMS) cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka huohuo mkewe, Rosine, alifariki kwa homa siku chache baada ya kujifungua, na mtoto wao wa kike akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo. Marehemu hao walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, na mjane huyo hakuondoka. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walifungua kituo Rabai, juu ya vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, kwa ridhaa ya wazee wa Warabai.

Mavuno yalikuwa haba. Mtu wa kwanza kubatizwa, mwaka 1851, alikuwa Mringe, mtu mlemavu aliyekuwa karibu kufa. Krapf alirudi Ulaya mwaka 1853, afya imemshinda. Rebmann alibaki hadi mwaka 1875, macho yakififia mpaka akawa karibu kipofu, akiwa na waumini wachache mno. Hata hivyo, kati ya hao wachache alikuwemo Abe Gunja, Mgiriama ambaye mahubiri yake yaliwafikia watu wa kwao bila msaada wa mgeni yeyote. Krapf aliacha pia kazi kubwa ya lugha: sarufi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1850, na kamusi iliyotoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Waliopitia Bombay

Wakati Rebmann akisubiri Rabai, kanisa lake la baadaye lilikuwa likilelewa ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Manowari za Waingereza zilipokamata majahazi ya watumwa, ziliwateremsha waliokombolewa Aden au Bombay. Huko Nasik, si mbali na Bombay, CMS ilikuwa na makao ambako vijana wa Kiafrika walifundishwa kusoma, useremala, uhunzi na dini. Mwaka 1864 vijana kadhaa waliolelewa huko, wakiwemo William Jones, Ishmael Semler na George David, waliletwa Rabai kumsaidia Rebmann. Walikuwa wamebebwa wakiwa watoto, kama shehena. Sasa walirudi wakiwa walimu na mafundi.

Wengine wa Nasik walimfuata David Livingstone katika safari zake. Livingstone alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia, watumishi wake wangeweza kumzika hapo na kwenda zao. Hawakufanya hivyo. Moyo wake waliuzika chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana wa Nasik, akasoma ibada ya maziko na kuchonga maandishi kwenye shina la mti huo. Mwili waliukausha, wakauviringisha kwa gome la mti, na chini ya uongozi wa wenzao Chuma na Susi wakauchukua kwa miguu hadi pwani. Safari hiyo ilichukua miezi tisa, kupitia njaa, homa na mapigano. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili ukalazwa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu kabla ya kupelekwa Unguja. Wainwright aliusindikiza hadi Uingereza, akawa miongoni mwa waliobeba jeneza katika kanisa la Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Hakuna bwana aliyewaamuru watu hao kufanya kazi hiyo. Waliichagua wenyewe, na kwa kuichagua walionyesha kwamba utumwa haukuwanyang'anya utu wala uaminifu.

Freretown na kengele yake

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akishinikizwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko ya hadhara. Mjumbe wa Uingereza aliyetangulia kuja kuudai mkataba huo alikuwa Bartle Frere, na kijiji kipya cha CMS kikaitwa kwa jina lake. William Salter Price, aliyekuwa ameongoza makao ya Nasik, alifika mwishoni mwa mwaka 1874 na kupata ardhi ya Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mwaka uliofuata manowari zilianza kuteremsha watu hapo. Kundi moja tu lililoletwa Septemba 1875 lilikuwa na watu zaidi ya 200, wengi wao watoto.

Waliofika walipewa nguo, chakula na mahali pa kulala. Baadaye kila familia ilipata kiwanja na shamba. Katikati ya kijiji palisimamishwa mnara wenye kengele. Kengele hiyo iliita watu kazini, shuleni na kwenye sala za asubuhi na jioni. Ilikuwa pia kengele ya kuonya hatari: wenye watumwa wa Mombasa na vitongoji vyake walitishia mara kwa mara kukivamia kijiji, na ikilia nje ya saa zake kila mtu alijua la kufanya. Mnara huo upo hadi leo, na mahali hapo panaitwa Kengeleni.

Kwa watu hao ndoa ya kanisani ilikuwa na uzito wa pekee. Mtumwa alioa kwa ridhaa ya bwana, na mtoto wa watumwa wawili alikuwa mali ya bwana wa mama. Katika kijiji cha misheni jina la mume, la mke na la mtoto yaliandikwa katika kitabu cha kanisa, na mtoto akawa wa wazazi wake. Watu wasiokuwa na mjomba, shangazi wala babu walipata wasimamizi wa ubatizo na majirani waliozika pamoja na kusherehekea pamoja. Kwa kuwa walitoka makabila mengi, waliomba, wakaimba na wakagombana kwa Kiswahili, na lugha hiyo ikawa lugha ya mama ya watoto wao.

Maisha hayo hayakuwa bila maonevu. Wasimamizi wa Kizungu waliwaona watu wazima kama watoto wa kulelewa. Viboko na vifungo vilitumika kama adhabu, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko juu ya ukatili Freretown yalifika kwa balozi wa Uingereza Zanzibar na kusababisha mabadiliko ya uongozi. Walimu waliotoka Bombay, wenye elimu na uzoefu, walilipwa kidogo kuliko Wazungu na kudharauliwa. Kwamba wengi wao walibaki katika kanisa na kuendelea kufundisha ni dalili kwamba imani yao haikuwa imani ya kumpendeza mfadhili.

Watoro wa Rabai

Mkataba wa 1873 uligusa biashara ya baharini. Kumiliki watumwa bado kulikuwa halali, na mtumwa aliyetoroka shambani Malindi au Takaungu alikuwa mtoro mbele ya sheria. Watoro walikimbilia vilimani. Wengine walikaa Fuladoyo, jumuiya ya Wagiriama Wakristo na watoro iliyoongozwa na David Koi, mmoja wa matunda ya mahubiri ya Abe Gunja. Mwaka 1883 kijiji hicho kilivamiwa na Koi akauawa. Anahesabiwa kuwa shahidi wa kwanza wa imani katika Kenya ya leo.

Wengine walikimbilia Rabai, ambako William Jones ndiye aliyeshika kituo kwa miaka mingi. Uongozi wa misheni ulikataza kuwapokea watoro, kwa kuogopa vita na wenye mali. Jones aliyajua maisha yao kwa sababu yalikuwa yake, na wakaendelea kuingia, wakajenga na kulima. Njaa ya mwaka 1884 ilipoikumba nchi ya Wamijikenda, watu zaidi walikuja kutafuta chakula.

Mwaka 1885 Jones na Semler walipewa ushemasi na Askofu James Hannington. Miezi michache baadaye askofu huyo alifunga safari ya kwenda Uganda, na Jones akawa msaidizi wake mkuu. Hannington alimwacha na sehemu kubwa ya msafara Kwa Sundu, panapoitwa leo Mumias, akatangulia na watu wapatao hamsini. Mwishoni mwa Oktoba aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na karibu wote aliokuwa nao waliuawa pia. Jones alisubiri habari, akazipata kutoka kwa wachache walionusurika, kisha akawaongoza waliosalia kurudi pwani. Waliingia Rabai Februari 1886, mbele yao ikitangulia bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi, jina la maombolezo kutoka Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Jones hakuacha kazi. Mwaka 1895 alipewa upadri.

Mwaka 1888 wenye watumwa walidai watoro warudishwe, na pwani ikakaribia kuwaka moto. George Mackenzie wa Kampuni ya Kibiashara ya Waingereza ya Afrika Mashariki alikubali kuwalipa fidia. Tarehe 1 Januari 1889, Rabai, watoro waliitwa mmoja mmoja na kukabidhiwa hati za uhuru. Walioandikishwa katika vituo vya misheni walikuwa wapatao 1,400.

Bagamoyo, Unguja na Masasi

Upande wa kusini, Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, mahali ambapo misafara ya bara iliishia. Waliwanunua watoto sokoni, wakawalea na kuwafundisha kazi za mikono, na waliooana wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha Wakristo. Kipindupindu kilipita, kisha Aprili 1872 kimbunga kikubwa kikabomoa majengo na kung'oa miti. Yote yakajengwa upya. Kuanzia mwaka 1877, misheni ilipofungua vituo Mhonda na kisha Mandera, ilipeleka familia za Wakristo wa Bagamoyo kuwa kiini cha kila kituo. Nyumba zao, mashamba yao na sala zao za jioni zilikuwa mahubiri ya kwanza ambayo majirani waliyaona.

Unguja, wamisionari wa Kianglikana wa Universities' Mission to Central Africa (UMCA) walianza mwaka 1864 na wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa kwao na Sultani Majid. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi. Siku ya Krismasi 1873, miezi michache baada ya soko la watumwa la Mkunazini kufungwa, jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa hapohapo. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi, na baadhi ya vibarua na mafundi walikuwa watu waliowahi kuwa bidhaa katika masoko ya namna hiyo.

Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu huru waliotaka kurudi pande za Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya miamba mikubwa, waliona ardhi nzuri na maji, wakaomba kubaki. Kijiji kilistawi hadi mwaka 1882, Wangoni walipokivamia, wakaua baadhi na kuteka wengine. Watu waliokwisha kutoka utumwani mara moja wakakabiliwa na utumwa tena. Kituo kilivunjika kwa muda, lakini kazi ya eneo hilo haikufa. Cecil Majaliwa, aliyekombolewa akiwa mtoto na kulelewa Unguja, alikwenda na mkewe kufundisha Chitangali, miongoni mwa Wayao. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadri.

Urithi

Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Vijiji vya waliokombolewa vikapoteza kazi yao ya kwanza, na watoto wao wakatawanyika wakiwa walimu, makatekista, makarani na mafundi. James Mbotela, mwana wa mmoja wa waliokombolewa na kukaa Freretown, aliandika habari za wazee wake katika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi.

Habari za watu hawa zinasahihisha picha ya imani iliyoletwa na Wazungu na kupokewa tu na Waafrika. Wamisionari wengi walikufa au kurudi kwao baada ya miaka michache. Waliodumu ni watu waliojua njaa, mnyororo na upweke, ambao waliposoma habari za Waisraeli kutoka Misri walisoma habari zilizofanana na zao. Hawakuambiwa kwamba mateso yao yalikuwa mema, wala hawakuyasahau. Walimtegemea Mungu katika yale yaliyobaki: shamba, ndoa, kitabu cha kusoma, mgonjwa wa kuuguza, mtoro wa kumfungulia mlango. Katika kazi hizo ndipo walipopata wito wao, na makanisa mengi ya bara yalianzia katika darasa lililofundishwa na mmoja wao.